Niliajiriwa Nikiwa na Miaka Minne

Kwa miaka ishirini na minne nilikitumikia kiwanda cha barafu pale Kisumu, na siku zote hizo hakuna aliyewahi kuuliza kama mimi nipo. Machi 1974 mashine moja ya Nairobi ikauliza, ikajijibu yenyewe, ikasema sipo. Naitwa Khaemba, na nilikuwepo.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na kompresa mbili, matangi ya maji ya chumvi, ghala la barafu lenye milango minene ya mbao, na ofisi ambayo feni yake iliharibika kabla ya Uhuru. Barafu yetu ilipakiwa kwenye lori, ikafunikwa unga wa mbao, ikapelekwa kwa wavuvi wa ziwani, Asembo Bay na Luanda Kotieno, kisha lori likarudi na samaki wanaoitwa ngege. Siku barafu ilipokosekana, samaki wa Asembo aliharibika kabla lori halijafika Otonglo karibu na mjini, na akina mama wenye samaki walijua mlango wa kuja kupiga kelele. Kwa hiyo nilijiheshimu kazini. Nikiwa barabarani tu nilijua kwa sauti ni kompresa ipi inataka mafuta.

Sasa wakubwa wa Nairobi walikuwa wamenunua kompyuta ya kutengeneza mishahara. Walituandikia barua kwamba makosa ya makarani yamekwisha. Mwisho wa Machi slipu zikaja kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni, tukapanga foleni mbele ya meza ya karani mkuu, Gordon Amolo. Amolo alikuwa mzee wa Kijaluo, safi kama sahani ya wageni, kalamu mbili mfukoni na pengo la meno sita ya chini, kwa sababu kwao zamani ndivyo kijana alivyofanywa mtu. Aliita majina yote. Langu hakuliita.

"Bwana Khaemba, hapa kuko na shida kidogo," akasema bila kuinua macho. "Mashine imekataa wewe."

"Imenikataa namna gani?"

"Inasema ulizaliwa arobaini na sita. Ukaandikwa kazi hamsini. Sasa wewe toa."

Nikatoa. Nikapata nne.

"Ehe. Mtu ya miaka nne haiwezi andikwa kazi. Kwa hivyo imetoa jina yako."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, kwa maana nilidhani ni jambo la dakika tano. Nikamwambia Amolo anitazame vizuri, mvi hizi, mikono hii, halafu aandike kwamba mashine imekosea. Akasema mashine haikosei. Akasema na faili pia haikosei, maana faili ndiyo iliyopelekwa kwa mashine.

Hapo sikucheka tena. Faili ile najua ilivyoandikwa, na najua ni nani aliyeiandika.

Mwaka 1950 nilishuka Kisumu kutoka Bungoma, nikasikia kiwanda kinataka watu wa kubeba magunia ya chumvi. Mlangoni alikaa karani kijana, ana haraka, ana jasho, mbele yake watu arobaini. Akaniuliza nilizaliwa mwaka gani. Nikamwambia mama alisema ni wakati wa nzige. Akasema nzige si mwaka. Nikamwambia hata baba hajui. Akagonga meza na kuniambia nimpe mwaka wowote ninaoujua kwa hakika, watu wanangoja. Basi nikampa mwaka mmoja ninaoujua kwa hakika, mwaka ambao hakuna Mbukusu anayeusahau: 1946, Agosti, asubuhi yenye baridi, niliposimama mbele ya kisu uwanjani kwa baba yangu na sikupepesa jicho. Kwetu mtu hahesabiwi kuanzia siku aliyolia akizaliwa. Anahesabiwa kuanzia siku aliyokataa kulia. Karani hakujua mambo hayo, kwao hawatahiri. Akaandika 1946, akasema, "Anayefuata."

Karani huyo alikuwa Gordon Amolo. Na siku ile ya slipu alinitazama kana kwamba faili yangu imeshuka kutoka mbinguni.

Kesho yake akaniita ofisini. Metrine, mpiga chapa wetu, binti wa kwetu Kimilili, alikuwa akipiga chapa kwa kasi ya mvua ya mawe, lakini nilijua masikio yake yote yako kwetu. Amolo akaniambia amepata dawa. Kubadilisha mwaka wa kuzaliwa kunataka cheti, na cheti sina. Lakini kubadilisha mwaka wa kuajiriwa ni fomu moja tu. Nitie sahihi kwamba niliingia kazini 1964, nikiwa na miaka kumi na minane. Mashine itafurahi. Mwisho wa Aprili jina litarudi.

"Na ile miaka kumi na minne?" nikauliza.

"Miaka gani?"

"Kutoka hamsini mpaka sitini na nne."

"Aa, hiyo." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Omera, ndugu yangu, hiyo ni ya makaratasi tu. Wewe unajua ulifanya, sisi tunajua ulifanya. Shida iko wapi?"

Nikaweka mkono wa kushoto juu ya fomu yake. Una vidole vitatu. Viwili vilikwenda na mkanda wa kompresa mwaka 1957, siku ya Jumanne, na Amolo mwenyewe ndiye aliyenifunga shati lake mkononi akanipeleka hospitali.

"Nikitia sahihi hapa," nikamwambia, "nani alikatwa hivi vidole? Na alikatwa wapi?"

Metrine aliacha kupiga chapa. Amolo akatazama vile vidole ambavyo havikuwepo, akatazama dirisha, akasema tena kwamba bila fomu hakuna la kufanya. Nikaiacha mezani. Nilikuwa na hasira, lakini sikupiga kelele. Mtu anayejua ana haki hana haja ya kupiga kelele, tena huyo mzee nilimpenda.

Nyumbani nilipomweleza Nekoye, mke wangu, aliweka mwiko chini akacheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa mimi nilizaliwa mwaka gani? Si nilikuwa nakubeba mgongoni!" Alipoona sicheki akaokota mwiko. Akauliza nitafanya nini. Nikamwambia sitatia sahihi. Akasema, "Usitie. Ulipokatwa vidole ni mimi nilikuwa nakuosha uso. Mimi siwezi kusahau miaka kwa ajili ya sanduku la Nairobi." Nililala usingizi mzuri.

Jumatatu kukaja waraka mwingine. Mtu yeyote asiye kwenye orodha ya mashine asiingie chumba cha mitambo, kwa sababu ya bima. Meneja wetu, Bwana Joram, alikuwa mtu mwema mwenye woga. Alinisomea waraka huo akiwa amesimama, kama anasoma mahubiri ya mazishi, kisha akaniomba nimsaidie kwa kutoka nje. Nikatoka. Nikachukua kreti tupu ya soda, nikaketi nje ya geti, hatua moja baada ya mpaka wa kiwanda, nikafungua gazeti.

Nilikaa hapo siku tatu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Walionipita waliniuliza kama nimefutwa. Nikawajibu kwamba sijafutwa, nimekataliwa kuajiriwa kwa sababu ya utoto. Habari ilizunguka soko lote. Mchuuzi mmoja wa njugu alinipa paketi ya bure, akasema ni ya mtoto. Nilikula.

Ndani, Ouma, msaidizi wangu, alikuwa akiangalia mitambo peke yake. Ouma ni mwanamume wa haja, na kompresa ikiwa inazunguka anaiweza. Lakini kuiwasha baada ya kuzimika ni jambo jingine. Kuna vali za kufungua kwa zamu, kuna gesi ya amonia ya kusikiliza, na ukikosea zamu hiyo gesi inatoka kukutafuta machoni. Miaka yote hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilimwambia meneja mara nyingi tumfundishe Ouma. Akasema tungoje bajeti.

Alhamisi saa tatu asubuhi stima ikakatika mji mzima. Ilirudi baada ya nusu saa, lakini kiwanda kilibaki kimya. Nilisikia kimya hicho nikiwa kwenye kreti yangu, na nitasema ukweli, kiliniuma. Nilikunja gazeti nikalikunjua mara tatu. Saa nne Ouma alikuja hadi getini, amejifunga kitambaa puani.

"Mzee, hiyo kitu mimi siwashi. Nina watoto."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Usiiguse."

Kufikia saa saba lori lilikuwa limesimama uani bila mzigo, na Beldina akafika. Beldina ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wauza samaki wa Asembo Bay, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Alikuja na wenzake watano na kikapu kichwani. Hakuniuliza kitu. Alipita geti, akaingia ofisini, akakiweka kikapu katikati ya meza ya Amolo, juu ya ile karatasi yenye matundu. Mimi niliona na kusikia yote kupitia dirisha linalotazama geti.

"Hii ngege ilitoka kwa maji jana jioni," akasema. "Nusa."

"Mama Beldina, tafadhali, hizo ni rekodi..."

"Nusa! Halafu andikia Nairobi vile inanuka. Huko Asembo kuna kikapu mia moja kama hii inangojea barafu. Barafu iko wapi?"

"Mashine imezima."

"Fundi iko wapi?"

Chumba chote kikageukia dirisha, nami nikainua mkono kwa adabu. Beldina akanitazama, akamtazama Bwana Joram. Akaelezwa. Kila walivyozidi kumweleza ndivyo alivyozidi kukunja uso, na waliposema miaka minne akawaomba warudie.

"Yawa!" akasema mwishowe. "Hii mtu nimenunua barafu kwake tangu nikiwa msichana. Nyinyi mnaona anavaa nepi?"

Bwana Joram akatoka mbio mpaka getini, tai imehamia begani. "Khaemba, ndugu yangu, ingia uwashe. Mambo mengine tutaongea."

"Niko tayari sasa hivi," nikamwambia, na nilikuwa tayari kweli, kwa sababu samaki wa Beldina hakunikosea kitu. "Lakini kompresa ikiwashwa, kitabu cha mitambo huandikwa jina la aliyewasha, na wewe unatia sahihi. Ndiyo sheria ya bima. Utaandika nani amewasha?"

Akairudisha tai kifuani.

"Ukiandika Khaemba, basi nipo, na nimekuwepo tangu hamsini, maana vitabu vyote tangu hamsini na mbili, nilipotoka kwenye magunia, vina jina langu. Ukiandika mtu mwingine, umedanganya bima. Chagua, Bwana. Mimi nangoja hapa hapa."

Wanawake wa Asembo wakapiga vigelegele kana kwamba nimetoa bibi harusi. Bwana Joram akageuka kumtafuta karani wake. Lakini Amolo alikuwa ameshatoka ofisini. Alinijia polepole, akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ndogo, "Kuja ghalani kidogo. Ghala si chumba ya mitambo. Waraka haikatazi."

Ndani ya ghala barafu kidogo iliyobaki, isiyotosha lori, ilikuwa imeanza kutoa jasho. Maji yalitiririka chini ya viatu vyetu. Amolo akafunga mlango, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka.

"Ni mimi niliandika," akasema. "Ile mwaka. Ni mkono yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikujua siku ile ile ya slipu. Nilikujua tangu hamsini. Nilikuwa nangoja useme."

Akafunika uso kwa viganja viwili. Kisha yakatoka yote kwa pamoja. Alibakiza miezi minane astaafu. Hajawahi kupata barua ya onyo hata moja. Na si mimi peke yangu. Watu wale wa zamani, nusu hawakujua miaka yao, naye alikuwa na foleni na Mzungu anayetazama saa, basi aliwatazama usoni akawapa mwaka. Siku na mwezi hakujisumbua nazo. Wanaume wengine arobaini na mmoja wa kiwanda kile walizaliwa tarehe moja Januari, na ile mashine isiyokosea haikuona ajabu yoyote. Akikiri kuhusu moja, je, Nairobi wakifungua nyingine arobaini na moja? Watafukuzwa wangapi?

"Na yako mwenyewe?" nikamwuliza.

"Mimi?" Akatoa viganja usoni. "Mimi nilisema mwaka ya elfu moja mia tisa kumi na tisa. Ilikuwa inasikika vizuri."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na yeye akaanza kucheka na lile pengo lake, mpaka tukashikilia mapande ya barafu tusianguke. Tulipotulia nikamwambia, "Mzee Amolo, mficha uchi hazai. Hao arobaini na mmoja mashine imewakubali, tuwaache walale. Usiandike habari zao. Andika yangu tu, na uandike kwamba wewe ulikuwepo. Sitaki usimangwe. Nataka miaka yangu."

"Na ikinifukuza?"

"Ikikufukuza nitakuja kuketi getini na wewe. Kreti ninayo."

Akafuta macho kwa leso, akafungua mlango.

Barua iliandikwa palepale ofisini, kikapu cha ngege bado kipo mezani kwa sababu Beldina alikataa kukiondoa kabla haijatiwa sahihi. Amolo alisema maneno, Metrine akapiga chapa. *Mimi, Gordon Amolo, ndiye niliyeandika mwaka huo, nao si wa kuzaliwa kwake. Kosa ni langu. Mtu huyu nilimpokea mwenyewe mwaka 1950 akiwa mtu mzima, akabeba gunia la chumvi mbele ya macho yangu. Mwaka 1957 nilimpeleka hospitali.* Hapo Metrine akasimamisha vidole.

"Papa Khaemba, watauliza arobaini na sita ilitoka wapi. Niseme?"

"Sema."

Akajinyoosha kama anayekwenda kusoma shairi mbele ya darasa, akaongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba 1946 ni mwaka wa kutahiriwa, kwamba kwa desturi ya Wabukusu mvulana haendi mbele ya kisu kabla hajafikia umri wa kuelewa anachofanya, na kwamba kwa hesabu hiyo mhusika alizaliwa si baada ya 1931. Amolo akasoma juu ya bega lake.

"Na sisi niandikie pia, tulitolewa meno," akasema. "Wasifikirie ni nyinyi tu mnaumia."

"Hiyo ataandika aliye na shida ya meno," Metrine akamjibu, na hata Bwana Joram akacheka. Kisha Amolo akatia sahihi, na Bwana Joram akaniambia twende.

Nilifungua vali moja baada ya nyingine, Ouma akiwa ubavuni mwangu, nikimwonyesha kila moja, kwa sababu bajeti nilikuwa nimechoka kuingoja. Kompresa ilikohoa, ikagoma, ikashika. Kule nje Beldina aliinua kikapu chake akaondoka bila kuaga mtu, akawaambia wenzake lori litafika jioni. Katika kitabu cha mitambo Bwana Joram aliandika kwa herufi kubwa: *Imewashwa na W. Khaemba, saa nane na dakika kumi.*

Nairobi walinyamaza wiki tatu. Nilifanya kazi wiki tatu bila kujua kama ninafanya kazi. Amolo alikuja mapema kila siku kungojea posta, amevaa koti, na nadhani hakulala vizuri hata usiku mmoja. Akaniambia siku moja kwamba akifukuzwa angalau atakuwa amefukuzwa kwa jambo alilolifanya kweli. Nilimheshimu zaidi siku hiyo kuliko miaka yote iliyotangulia.

Mwisho wa Aprili ile karatasi ndefu ikafika. Kwa Amolo kulikuwa na barua ya mistari miwili, kwamba awe mwangalifu zaidi. Barua yake ya kwanza ya onyo. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu, kisha akaketi mezani kwake na kuanza kuita majina. Foleni ilikuwa ndefu, watu wote wakinitazama. Alipofika kwangu akasimama. Hakuwahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa meneja.

"Khaemba," akasoma. "Fundi wa mitambo. Ameajiriwa elfu moja mia tisa na hamsini. Utumishi, miaka ishirini na nne."

Akaninyooshea slipu. Sikuipokea.

"Soma tena," nikamwambia.

Akanitazama. Akavaa miwani vizuri, akavuta pumzi, akasoma tena, kwa sauti iliyofika mpaka getini.